Mwalimu wa Seva na Mlango Wake

Chai ambayo hakuiona ikimiminwa hakuinywa. Ungemletea kikombe kimeshajaa, cha moto, kinanukia iliki, akakutazama wewe, akakitazama kikombe, akasema, "Ahsante, mama, weka hapo." Na hapo ndipo kingekaa mpaka kipoe. Lakini ukija na birika na kikombe kitupu, ukamimina mbele yake, alikunywa viwili na kuulizia mahamri. Mwanzo nilidhani ni madharau. Baadaye nikajua ndivyo alivyo kwa kila mtu, hata kwa mkewe.

Tulimwita Mwalimu wa Seva. Jina lake nalijua lakini silitaji. Angesikia nimelitaja angetaka kujua nimemtajia nani, na kwa sababu gani, na huyo mtu anakaa wapi. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, akakodi chumba cha ghorofani Magongo, juu ya muuza matairi makuukuu, akafungua darasa la kompyuta. Malori ya Changamwe yakipita barabarani madirisha yalitetema, na kila yalipotetema aligeuka kutazama mlango. Kiti chake kiliegemea ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kukaa nyuma ya Mwalimu.

Mimi nami si mwepesi wa kuamini watu, tuseme ukweli. Ni karani katika yadi ya makontena, na kazi yangu ni kukagua sili, ile lakiri inayofunga mlango wa kontena. Kontena likiingia naitazama sili, naishika, naivuta, nalinganisha nambari, kisha naivuta tena. Dereva akiniambia "Mama Mbeyu, hiyo iko sawa, twende," hapo ndipo naanza upya. Kwa hivyo mtu alipokuja na kutufanyia jambo kubwa bila kutaka chochote, nywele zilinisimama. Haki ya Mungu, nilimchunguza yule mzee kama kontena lililofunguliwa njiani.

Sisi tulikuwa kundi la wazazi wa watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomtia mtoto maumivu ya mifupa hadi akose sauti ya kulia. Wengine walitoka Likoni, ng'ambo ya feri, wengine Kisauni, wengine kwetu Changamwe. Tabu yetu ilikuwa moja: mtoto anaugua upande huu wa maji na faili lake liko upande ule. Binti yangu Mbeyu kuna sindano moja ya maumivu ambayo akidungwa koo linavimba. Daktari wa Changamwe analijua hilo. Daktari wa Likoni atalijuaje, na mimi niko yadini, na simu haishikiki?

Tulikuwa tunakodi chumba cha Mwalimu kila Jumamosi kwa mkutano. Yeye alikaa nje, mlangoni, akijifanya anasoma gazeti. Siku moja, tukiwa tunabishana juu ya mafaili, akaingia bila hodi.

"Nimewasikiza," akasema. Hata hakuona haya. "Nyinyi mwataka seva."

Akatueleza kwa kile Kimvita chake cha polepole. Huko ng'ambo kuna majumba yamejaa kompyuta, na wenyewe wanakukodisha kipande cha kompyuta moja. Huioni wala huishiki. Unaiwasha ukiwa kwako, unaingia ndani yake kwa intaneti, unaweka kitu chako, na mtu yeyote uliyemruhusu akakisoma kwa simu, awe Likoni au awe Mtwapa.

Baba Kevo, aliyekuwa akifanya kazi kwenye matangi ya mafuta na ndiye mwenyekiti wetu, mtu wa bara mwenye maneno mengi, akaangua kicheko. "Sasa mzee, hiyo ni kompyuta ama ni jini?"

"Jini haliulizi paswadi," Mwalimu akamjibu, wala hakucheka.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi anavyojipinga mwenyewe. Mtu huyu hakuamini benki. Hakumwamini muuza samaki, alikuwa akimgeuza samaki changu mara tatu na kumtazama mashavuni kama anamsaili. Akitoka darasani alifunga mlango, akashuka ngazi, akapanda tena kuuvuta. Lakini siri za watoto wetu alikuwa tayari kuziweka ndani ya mashine iliyo nchi ambayo hajaikanyaga, kwa watu asiowajua hata kwa sura. Nikamwambia hivyo mbele ya wenzangu.

"Yakhe, mama, mimi siwaamini wao," akasema. "Naamini kufuli."

Siku ya kuiwasha hiyo mashine alitukalisha wote mbele ya kompyuta yake moja, yeye pembeni. Mkono wake haukugusa kitu. Tulibonyeza sisi. Chagua nchi. Chagua ukubwa, akataka ile ndogo kabisa, akasema mashine kubwa huita wezi wakubwa. Kisha ikafika kwenye ufunguo, na hapo akatufundisha jambo ambalo mpaka leo nalieleza kwa watu. Alisema unatengeneza vitu viwili kwa pamoja, kufuli na ufunguo wake. Kufuli unaipa mashine ijifungie nalo, hata ukilibandika barabarani si neno. Ufunguo unabaki kwenye kompyuta yako, hautoki, na juu yake unauwekea paswadi, ili hata kompyuta ikiibwa mwizi awe na ufunguo usiozunguka.

"Na ufunguo huo utakaa kwa nani?" nikauliza.

"Kwangu."

"Kwako peke yako?"

"Mama, mlango wenye funguo nyingi si mlango."

Kisha akaongeza jambo jingine: mashine isimpokee fundi yeyote ila anayegonga kutoka kwa intaneti ya nyumbani kwake Kisauni. Kila intaneti ina anwani yake, tarakimu zilizopangwa, na alitaka anwani ile peke yake iandikwe kwenye geti, ule ukurasa wa wenye mashine unaosema nani apite. Wazazi wangesoma popote ukurasa wa watoto, wenye jina la kila mmoja na dawa inayomdhuru, lakini kuingia ndani na kutengeneza, ni yeye tu, kwa ufunguo wake, kutoka sebuleni kwake. Na tena akaiamuru iandike kila mtu anayekuja kugonga, hata asiyefunguliwa. "Nataka kuwajua," alisema. Nikacheka. Nani atakuja kubisha mlango wa kundi la akina mama? Wiki ile ile akatuonyesha. Watu wamebisha kutoka pembe zote za dunia, mfululizo, usiku na mchana, wakijaribu majina na paswadi za kubahatisha. Nikaacha kucheka. Yeye alikuwa amefurahi kama mtu aliyeambiwa siku zote kuwa ni mwendawazimu, halafu daktari akampa cheti cha uzima.

Kila kitu kilichotokea kwenye skrini alitaka kisomwe kwa sauti. "Soma, nisikie." Herufi kwa herufi. Ukisoma haraka anakurudisha mwanzo. Baba Kevo alikasirika, akasema tunafanywa watoto wa nasari. Mwalimu akajigusa jicho, akamwambia, "Unaposoma kimya, mato yako hukudanganya. Sauti haidanganyi."

Sitasema kwamba alipendwa. Mama mmoja wa Likoni alisema yule mzee anauza habari za watoto kwa makampuni ya dawa. Mwengine akasema labda anaandika kitabu. Mimi nilikuwa na swali langu: kwa nini? Hakuwa na mtoto mwenye selimundu, tuliyemjua sisi. Nikamwuliza siku moja tukiwa wawili. "Mwalimu, wewe ulimpoteza mtoto?" "Mama Mbeyu," akasema, "hilo si swali la seva." Sikumwuliza tena. Lakini kila walipotangaza hospitalini kuwa kuna mtoto anahitaji damu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Muuguzi akimwuliza nambari ya simu, anakataa. Damu yake atachukua atakaye, nambari yake ya simu, hapana! Wauguzi wakamzoea, wakawa wanajaza nambari yangu.

Na ile seva yake ilifanya kazi, sitamvunjia heshima. Mbeyu alipoanguka kwa maumivu huko Likoni kwa bibi yake, daktari kijana akawa na sindano mkononi, ile ile. Mama yangu, asiyejua kusoma, akatoa simu yake na kumwonyesha ukurasa. Daktari akasoma, akairudisha sindano kwenye sinia. Nilipofika, mtoto amelala na shingo yake ni shingo ya kawaida. Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Kesho yake nikaenda Magongo na birika na kikombe kitupu, nikamimina mbele ya Mwalimu, nikamsimulia. Akanywa. Akaniuliza kama daktari yule alikuwa ameandika jina lake popote, maana angependa kumjua ni nani.

Sasa kuhusu macho. Niligundua mimi, na niligundua kwa kazi yangu ile ile ya sili. Aliniletea karatasi niisaini, akanionyesha mstari kwa kidole, na kidole kikawa juu ya meza, nje ya karatasi. Nikasaini. Baadaye nikamwona barabarani Magongo akisubiri kuvuka. Barabara ilikuwa tupu na bado anasubiri, amekaza shingo, anasikiliza. Lori likapita. Akasubiri tena. Mama muuza ndizi akamshika mkono kumvusha, akaunyofoa mkono wake kwa ukali, "Wataka nini kwangu?" Hapo nikajumlisha. Kusoma kwa sauti, kiti ukutani, changu kugeuzwa mara tatu. Sijui kipi kilikuwa shaka na kipi kilikuwa giza, na nadhani mwenyewe naye alikuwa hajui tena.

Nilimwambia aende akapimwe. Aligeuka mbogo. Aliniuliza nimetumwa na nani. Aliniambia, wallahi, kuwa tangu mwanzo alijua nautaka ufunguo wake. Nikaondoka nimeudhika, nikasema basi, na apotelee mbali na ujeuri wake. Miezi michache baadaye akafunga darasa, akarudi kwake Kisauni, akawa hashiki simu kwa urahisi.

Ukurasa ulikufa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Mbeyu alikuwa amepata nafasi shule ya bweni upande wa Likoni, shule aliyoililia, na mimi nilikubali kwa sababu ya ukurasa ule tu. Ukiufungua, unazunguka, unazunguka, mweupe. Nikapiga simu kwa Mwalimu. Akashika, akasema neno moja, "Wameingia," akakata.

Mkutano wa Jumamosi ile ulikuwa moto. Mama wa Likoni akapiga meza: si nilisema! Baba Kevo akasema, "Huyo mzee ametucheza. Ametufungia nje, sasa anataka tumpigie magoti. Mimi naenda polisi." Mwengine akataka tuende kwa chifu. Nilisimama nikawaomba wanipe siku moja. Si kwamba nilimtetea. Nami pia nilimshuku. Usiku wote nilikuwa nimejiuliza habari za mwanangu ziko mikononi mwa nani. Lakini nilitaka kumtazama usoni kwanza, nione sili imevunjwa au haijavunjwa. Na nyumbani Mbeyu alikuwa ameshapanga nguo ndani ya sanduku lake la bati, ananiuliza kila saa, "Mama, ukurasa umefunguka?" Nilikuwa nimeshaamua: usipofunguka, haendi. Nilikuwa bado sijapata mdomo wa kumwambia.

Nikaenda Kisauni na laptopu yangu ya kazi begani. Mkewe akanifungulia, mama mpole aliyejitanda leso, akaninong'oneza kizani pale ukumbini, "Mwambie kila unachofanya kabla hujakifanya. Usipomwambia yeye hutishika." Nikamwelewa.

Alikuwa sebuleni, kiti ukutani, laptopu mapajani. Skrini ilikuwa imewaka na uso wake umeelekea dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Nakaa hapa kulia kwako. Nimekuja na laptopu, naiweka mezani."

"Mumeingia kwenye mashine yangu," akasema. "Mumebadilisha geti. Nagonga, nagonga, hainipokei. Nani kati yenu? Yule wa matangi ya mafuta?"

"Mwalimu, hakuna aliyeingia. Sisi twasema wewe ndiye uliyetufungia."

Nikaona kwamba hilo halikuwa limempitia akilini kabisa, kuwa naye anaweza kushukiwa. Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

"Hebu nifungulie ukurasa wa geti," nikamwambia, "nikusomee."

Aliandika paswadi bila kutazama, vidole vilijua njia yao. Ukurasa wa wenye mashine ukafunguka. Nikamsomea anwani iliyoandikwa getini, tarakimu moja moja. Kisha akanifundisha namna ya kuiuliza laptopu yake anwani ya intaneti ya pale nyumbani kwa siku ile, nikamsomea nayo. Zilikuwa sawa mpaka karibu na mwisho. Getini palikuwa na nane. Ya nyumbani ilikuwa na tatu.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

Mambo yakajitokeza yenyewe. Kila akienda kulala alizima rauta, kile kisanduku cha intaneti, asiibiwe usingizini. Kila rauta ilipowashwa, kampuni ya intaneti ilimpa anwani mpya. Kila asubuhi alikaa akaiandika anwani mpya getini, kwa mkono, kwa macho yale, bila kumwomba hata mkewe amsomee. Mpaka asubuhi moja akaona nane palipo na tatu, na tangu hapo akawa anagonga usiku na mchana bila kuizima tena rauta. Alikuwa amemfungulia geti mtu asiyemjua, popote alipo, na kujifungia mwenyewe nje.

Mkono wake ulipapasa ukingo wa meza. Nikamwambia, "Narekebisha, natia tatu," akaitikia kwa kichwa. Akagonga. Mashine ikauliza paswadi ya ufunguo, akaitia, tukaingia.

"Soma," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka.

Nikasoma. Mashine ilisema haina nafasi, imejaa pomoni. Akaniambia neno la kuuliza kilichojaa. Habari za watoto wetu zilikuwa kidogo tu, pembeni. Pengine pote palikuwa ni ile orodha yake ya waliobisha: majina, saa, anwani, maelfu kwa maelfu, watu ambao hata mmoja hakuwahi kuingia. Wezi hawakuiba kitu. Yeye ndiye aliyewaandika mpaka watoto wakakosa pa kukaa.

Nilimweleza hivyo hivyo, sikumpambia. Akainamisha kichwa.

"Futa," akasema.

"Zote?"

"Zote, mwanangu. Sitawajua."

Nikafuta. Akanipa amri ya kuiamsha upya mashine. Tukasubiri. Nikafungua simu yangu, na jina la Mbeyu likatokea, na ile sindano chini yake kwa herufi nyekundu. Nilipiga kelele "Ee Mungu wangu!" mpaka mkewe akaja mbio kutoka jikoni.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kukunja waya.

"Kaa," akasema. "Tengeneza ufunguo wako."

Nilikaa. Akaniongoza, amri baada ya amri, kwenye laptopu yangu. Nikapata kufuli langu na ufunguo wangu. Kufuli tukaliingiza kwenye mashine chini ya lake. Wakati nalinakili nilifikiri: anajuaje kuwa ni langu? Ningeweza kuweka la mtu yeyote. Naye alifikiri hayo hayo, maana aliuliza, "Ni lako?" Nikasema, "Ni langu." Akangoja kidogo kama anayenisikiliza bado, kisha akasema, "Haya, hifadhi." Nikajaribu kuingia kwa wangu. Mashine ikanipokea.

"Na lile geti langu la nyumbani litoe. Rauta itakutia wazimu. Ufunguo mwengine mpe yule wa matangi ya mafuta."

"Baba Kevo? Yule anataka kukupeleka polisi, Mwalimu."

"Ndio nikakwambia mpe. Yeye ataulinda." Kisha akasema, taratibu, "Sasa kufuli langu lifute."

Nilikataa. Nilimwambia mashine ni yake, sisi tungekuwa wapi bila yeye, abaki nalo hata kwa heshima. Akakasirika kidogo, na nilifurahi kumwona amekasirika.

"Heshima si kufuli. Mimi sioni, Mama Mbeyu." Ndiyo mara ya kwanza kulisema mbele yangu, na mkewe aliyekuwa mlangoni akajifunika uso na leso. "Mtu akija akakaa hapo ulipokaa, akanisomea uongo, nitamfungulia watoto wote. Sitajua. Lifute."

Nikalifuta. Nikamwambia kuwa nafuta, na nikamwambia kuwa nimefuta.

Hakuliamini neno langu, bila shaka. Akavuta laptopu yake mapajani, akagonga mwenyewe. Akaandika paswadi ya ufunguo wake polepole, kila herufi. Akabonyeza.

"Imesemaje?"

"Imekukataa, Mwalimu."

"Soma yote."

"Ruhusa imekataliwa."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Ndivyo inavyotakiwa." Alikaa na uso wake umeelekea dirishani, na vidole havikutoka kwenye vitufe. Mkewe akaja akasimama kando yake, hakumgusa.

"Hebu nijaribu tena," akasema baadaye. "Huenda nimekosea herufi."

Hakukosea. Nilikuwa natazama vidole vyake tangu herufi ya kwanza.

"Haya, Mwalimu," nikamwambia. "Jaribu."